Shimo Chini ya Ukuta wa Jirani

Ukipita mitaa ya Kensington, magharibi mwa London, siku ya kazi, utaona jambo ambalo mgeni halielewi haraka. Nyumba ni zilezile za enzi za Malkia Victoria, zimeshikana ukuta kwa ukuta, madirisha yamepangwa sawa, hakuna iliyoizidi nyingine kimo. Lakini mbele ya mojawapo pamezungushiwa mbao hadi barabarani, na juu ya mbao hizo umepita mkanda wa mashine unaotapika udongo wa kahawia ndani ya kontena la kifusi, asubuhi hadi jioni. Nyumba ile haiongezwi kwenda juu wala pembeni. Inaongezwa kwenda chini.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle walipitia kumbukumbu za mipangomiji za halmashauri saba za London. Walikuta kwamba kati ya mwaka 2008 na 2017 zilitolewa idhini za besimenti 4,650 chini ya nyumba za kuishi. Katika michoro iliyoidhinishwa walihesabu mabwawa ya kuogelea 376, kumbi za sinema 456 na maghala ya mvinyo 381. Vina vya mashimo hayo ukivijumlisha vinapita mita 15,000.

Katika hesabu hiyo kuna tarakimu moja ambayo magazeti ya Uingereza yaliitaja kwa kupita tu, nami naona ndiyo ya kuanzia: vyumba vya watumishi 115. Mwenye nyumba ndiye anayeomba kibali, ndiye anayelipa, na jina lake ndilo lililo kwenye fomu. Lakini atakayelala chini ya usawa wa barabara huenda akawa yaya wa watoto. Atakayeshuka shimoni na sururu kabla zege halijamwagwa ni kibarua. Na ambaye ukuta wake utapasuka iwapo hesabu zimekosewa ni jirani, ambaye hakuomba chochote. Kibali cha kuchimba chini ya nyumba kipo kwa ajili ya watu hao watatu. Mfumo wowote wa vibali, uwe wa London au wa Dar es Salaam, nitaupima kwa jinsi unavyowajali wao.

Kwa nini wakashuka chini

Karibu robo tatu ya eneo la halmashauri ya Kensington na Chelsea limewekwa chini ya hifadhi kwa sababu ya historia na sura ya majengo yake. Huwezi kuongeza ghorofa juu ya paa, huwezi kuvunja uso wa nyumba ukaweka wa kisasa, na nyuma kuna bustani nyembamba ambayo jirani anaiona kutoka dirishani kwake. Kuhama nako kuna gharama: kodi ya serikali peke yake unaponunua nyumba ya mamilioni ya pauni inatosha kujenga kitu kikubwa. Mtu mwenye familia iliyoongezeka, au mwenye fedha tu zinazotafuta pa kukaa, akapiga hesabu akaona kuwa mita ya mraba iliyochimbwa ardhini ni rahisi kuliko mita ya mraba iliyonunuliwa sokoni. Wakandarasi waliobobea katika kazi hiyo wakaongezeka, na wao wakawa wanapita kwa wenye nyumba kuwashawishi.

Mwaka 2001 halmashauri hiyo ilipokea maombi 46 ya besimenti. Mwaka 2013 yalifika 450. Wakati huo kanuni ziliruhusu mtu achimbe hadi asilimia 85 ya bustani yake, na hazikusema wazi ashuke ghorofa ngapi. Watu wakashuka ghorofa mbili, wengine tatu. Mtaa mmoja ungeweza kuwa na mashimo matatu kwa wakati mmoja, kila moja na malori yake, na wazee waliokaa pale miaka arobaini wakawa wanaishi ndani ya kelele za nyundo za umeme kwa miezi kumi na minane mfululizo, kisha nyumba inayofuata nayo inaanza.

Januari 2015 halmashauri ilibadilisha sera. Ghorofa ya chini ya ardhi iwe moja tu. Isizidi nusu ya bustani. Juu ya dari yake, upande wa bustani, ubaki udongo wa kina cha mita moja ili miti iote na maji ya mvua yapate pa kuzama. Chini ya jengo lililoorodheshwa kama urithi, pasichimbwe kabisa. Na nyumba ambayo tayari ilichimbiwa besimenti kwa kibali haichimbiwi nyingine chini yake.

Ninaipenda sera hiyo kwa sababu inasema mambo yanayopimika. Haimwambii afisa wa mipangomiji atumie busara wakati mbele yake amekaa wakili anayelipwa kwa saa. Inampa futi kamba. Nusu ni nusu, mita ni mita.

Palikuwa pamebaki mlango wa nyuma. Sheria ya England inamruhusu mwenye nyumba kufanya nyongeza ndogondogo bila kuomba idhini ya mipangomiji, na wengine wakadai kwamba besimenti ya ghorofa moja chini ya nyumba yenyewe ni nyongeza ya aina hiyo. Mwaka 2016 Kensington na Chelsea iliondoa haki hiyo ndani ya mipaka yake, na halmashauri za jirani zikafuata. Desemba mwaka huohuo Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na mkazi wa Camden dhidi ya halmashauri yake, ilieleza kwamba kuchimba na kutegemeza nyumba kunaweza kuwa kazi ya kihandisi inayojitegemea, si kipande kidogo cha nyongeza ya nyumba, na hivyo kuhitaji idhini yake. Jirani mmoja aliyekataa kunyamaza aliwalazimisha maofisa wasome upya sheria waliyodhani wanaijua.

Karatasi na safari yake

Tuseme basi kwamba una nyumba Kensington na unataka chumba chini yake. Huanzi na fundi. Unaanza na mbunifu majengo na mhandisi wa miundo, na mhandisi huanza kwa kuchimba mashimo madogo ya majaribio kando ya msingi ili aone umekalia nini na unashuka kiasi gani. Kisha hutobolewa mashimo marefu membamba kutafuta maji. Kutokana na vipimo hivyo huandikwa maelezo ya namna ujenzi utakavyofanyika hatua kwa hatua, yakiwa na saini ya mhandisi aliyesajiliwa. Unaambatanisha mpango wa malori: yatapita njia gani, yataegesha wapi, yatakuja saa ngapi. Unaambatanisha ripoti ya miti na ripoti ya mafuriko.

Ada ya maombi ya kupanua nyumba moja ilikuwa pauni 258 tangu Desemba 2023, na Aprili 2025 ikapandishwa hadi pauni 528. Hiyo ni fedha ndogo. Wataalamu ndio wanaokula maelfu. Halmashauri ina wiki nane za kutoa jibu, na ndani yake majirani hupewa siku 21 za kuleta maoni. Hapa wengi hushangaa, maana si kila malalamiko yanahesabiwa. Ukiandika kwamba nyumba yako itashuka bei, hoja hiyo huwekwa pembeni. Ukiandika kwamba kelele za ujenzi zitakukera, utaambiwa kelele si sababu ya kunyima kibali, bali zitawekewa masharti. Na masharti kweli huwekwa: Kensington na Chelsea, kazi zenye kelele kali na mitetemo hufanywa Jumatatu hadi Ijumaa, saa tatu hadi saa sita mchana, kisha saa nane hadi saa kumi na moja na nusu jioni. Jumamosi na Jumapili mtaa unapumzika.

Camden wamekwenda mbali zaidi. Wao wanataka tathmini ya athari za shimo kwa udongo, kwa maji ya ardhini na kwa nyumba za pembeni, na tathmini hiyo hupelekwa kwa wahandisi huru waikague kabla afisa hajaamua. Mwombaji anapaswa kuonyesha kwamba madhara kwa jirani hayatazidi yale yanayoitwa madogo sana kwenye kipimo wanachotumia wahandisi, yaani nyufa zisizozidi milimita 1.

Kupata idhini ya mipangomiji hakumalizi safari. Idhini hiyo inajibu swali la kama shimo linafaa kuwapo mahali pale. Swali la kama zege litashika, kama kuna njia ya kutokea moto ukiwaka, kama hewa inaingia, linajibiwa na idara nyingine chini ya kanuni za ujenzi, na wakaguzi wake hufika kuangalia nondo kabla hazijafunikwa. Kama nyumba ni ya urithi, kuna idhini ya tatu, na kuigusa bila idhini hiyo ni kosa la jinai. Kuegesha kontena la kifusi barabarani kunahitaji leseni. Mwenye nyumba asiyeshauriwa vizuri hudhani ameshamaliza anaposhika barua ya kwanza.

Sheria ya ukuta

Katika haya yote, kitu ambacho ningetamani kukiona kikivuka bahari kuja kwetu ni sheria ya kuta za mpaka ya mwaka 1996, inayotumika England na Wales. Haihusiani na halmashauri hata kidogo. Inahusu watu wawili waliotenganishwa na ukuta mmoja.

Ukitaka kuchimba ndani ya mita 3 kutoka jengo la jirani, na shimo lako litashuka chini kuliko msingi wake, lazima umpe taarifa ya maandishi mwezi mmoja kabla, ikiwa na michoro inayoonyesha utachimba wapi na kwa kina gani. Shimo likiwa refu zaidi, umbali huo huongezeka hadi mita 6. Ukitaka kuugusa ukuta wenyewe mnaochangia, kwa mfano kuweka zege chini yake, taarifa ni miezi miwili. Jirani ana siku 14 za kujibu. Asipojibu, sheria haimhesabu kuwa ameridhia. Inahesabu kwamba pana mgogoro, na mgogoro huo una utaratibu wake.

Kila upande huteua mkaguzi wake, au wote wawili hukubaliana mmoja. Mkaguzi huingia nyumba ya jirani kabla ya sururu ya kwanza, akapiga picha kila ufa, kila mlango unaokwama, kila kigae kilicholegea. Kisha hutolewa hati inayosema kazi ifanyweje, saa ngapi, nani aingie kwa nani, na ufa mpya ukionekana nani alipe. Kwa kawaida gharama za wakaguzi wote wawili humwangukia anayechimba, kwa sababu yeye ndiye anayetaka. Jirani anaweza hata kudai fedha iwekwe dhamana, ili mwenzake akifilisika shimo likiwa wazi pawepo cha kulifukia.

Tazama sheria hiyo inambeba nani. Mjane wa miaka themanini asiyejua nondo wala timazi anapata mtaalamu wa kumwakilisha, na bili anatumiwa tajiri wa upande wa pili. Haimpi nguvu ya kumzuia mwenzake kujenga. Inampa nguvu ya kutojengewa gizani.

Umuhimu wake unaonekana ukijua kazi yenyewe inavyofanyika. Ukuta wa nyumba ya Victoria umekalia matofali yaliyopanuliwa kidogo chini, na hayashuki mbali. Ili kupata chumba chini yake, lazima ukuta uliobeba ghorofa nne upewe msingi mpya ulio chini zaidi, huku umesimama na watu wamelala ndani yake. Ni kama kubadilisha miguu ya kitanda mgonjwa akiwa juu yake. Mafundi huchimba kipande cha upana wa mita moja hivi, wanakikaza kwa mbao na mirunda, wanasuka nondo, wanamwaga zege. Likishakauka, nafasi ndogo inayobaki kati ya zege jipya na matofali ya zamani hushindiliwa mchanganyiko mkavu wa saruji na mchanga hadi uzito wa ukuta uhamie chini. Kipande kinachofuata hakipakani na cha kwanza. Wanaruka, wanachimba cha mbali, kisha wanarudi. Fundi mwenye haraka anayefungua vipande viwili vilivyopakana kwa siku moja ameuacha ukuta ukining'inia.

Udongo nao una tabia zake. Mfinyanzi wa London husimama vizuri ukikatwa, na ndiyo maana reli za chini ya ardhi zilichimbwa humo mapema. Lakini ukiuondolea mzigo uliokuwa juu yake huvimba polepole kwa miaka, ukisukuma sakafu kutoka chini. Juu ya mfinyanzi huo, maeneo mengi ya Kensington yana tabaka la kokoto za mto lenye maji. Shimo linalopita kwenye kokoto linaweza kuwa kizuizi kwa maji yaliyokuwa yakipita taratibu, yakatafuta njia nyingine. Ndiyo maana besimenti ya kisasa huwekewa pampu inayofanya kazi maisha yote ya nyumba, na ya akiba pembeni yake.

Sheria zote hizo hazijazuia maafa yote. Desemba 2010 fundi mmoja alifukiwa na udongo akichimba besimenti huko Fulham, akafa. Miaka kadhaa baadaye mkurugenzi wa kampuni iliyokuwa ikijenga alifungwa jela kwa kuua bila kukusudia. Novemba 2020, usiku, nyumba mbili zilizoshikana huko Durham Place, Chelsea, zilianguka zikiwa kwenye ukarabati uliohusisha kuchimba chini. Kila moja ilikadiriwa kuwa na thamani ya karibu pauni milioni 8. Hazikuwa na mtu ndani, majirani wapatao arobaini walihamishwa, na hakuna aliyeumia. Julai 12 mwaka 2021 mvua kubwa ilizidi mifereji ya magharibi mwa London, majitaka yakarudi ndani ya nyumba za watu. Mpiga gitaa wa bendi ya Queen, Brian May, aliyekuwa na vitu vya kumbukumbu ya maisha yake kwenye chumba cha chini, aliwalaumu hadharani wachimbaji wa besimenti wa Kensington.

Mwanamuziki mwingine alipigania nyumba yake kabla ya shimo kuchimbwa. Jimmy Page wa Led Zeppelin anaishi katika Tower House, jengo la mbunifu William Burges lenye dari za nakshi, vioo vya rangi na vigae ambavyo haviwezi kutengenezwa tena. Mwaka 2013 mwimbaji Robbie Williams alinunua nyumba ya pembeni, na baadaye akaomba bwawa la kuogelea na chumba cha mazoezi chini ya ardhi. Page alipinga kwa miaka mingi, hoja yake kubwa ikiwa mitetemo. Desemba 2018 wajumbe wa kamati ya mipangomiji walikubali ombi hilo kwa masharti, likiwemo la kudhibiti na kupima mitetemo wakati wa kazi. Habari hiyo iliandikwa kama ugomvi wa watu maarufu. Ukiiondolea majina, ni habari ya kibali kikifanya kazi yake: mmoja alipata alichotaka, mwingine alipata kipimo kilichofungwa ukutani kwake.

Kariakoo

Jumamosi, Novemba 16 mwaka 2024, asubuhi, jengo la ghorofa nne lilianguka Kariakoo, eneo la mitaa ya Mchikichi na Congo, jijini Dar es Salaam. Walioshuhudia walieleza kwamba chini ya jengo hilo palikuwa pakichimbwa ili kupanua nafasi ya biashara. Watu wasiopungua 29 walikufa. Zaidi ya 80 waliokolewa. Kwa siku kadhaa waokoaji walizungumza na watu walionaswa kwenye ghorofa ya chini, wakawapelekea hewa ya oksijeni, maji na glukosi kupitia matundu. Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza majengo ya Kariakoo yakaguliwe, na Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaunda tume ya watu 19.

Kila mfanyabiashara wa Kariakoo anaelewa kwa nini mtu angetaka kuchimba. Fremu moja inayotazama barabara yenye watu huliliwa, na mwenye jengo anaweza kudai kilemba kabla hata ya kodi. Ghorofa ya tatu mteja hapandi. Chini anashuka. Nguvu iliyowafanya wenye nyumba wa Kensington washuke chini ndiyo ileile: ardhi ya thamani kubwa, jengo lililokwisha simama, na nafasi ambayo haipatikani pengine.

Hakuna ubaya katika besimenti yenyewe. Umbali mfupi kutoka hapo lipo soko kuu la Kariakoo, lililobuniwa na Mtanzania Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Lina sehemu ya chini ya ardhi ambayo wafanyabiashara wote wanaiita shimoni, na vizazi vimenunua nazi na viungo humo. Tofauti ni kwamba shimoni ilichorwa kabla ya nguzo kusimamishwa. Mhandisi alijua uzito gani utashuka wapi. Kuchimba chini ya jengo ambalo limekwisha simama, lenye wapangaji ndani na bidhaa hadi darini, ni kazi nyingine kabisa, ngumu kuliko kujenga upya. Na sehemu kubwa ya katikati ya Dar es Salaam imekalia mchanga wa pwani. Mchanga hausimami kama mfinyanzi wa London. Ukikatwa wima hutiririka, na ukikutana na maji hutiririka zaidi, ukiondoka chini ya msingi kimyakimya kabla macho hayajaona ufa.

Vyombo tunavyo. Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 ipo. Halmashauri ndiyo inayotoa kibali cha ujenzi. Tuna bodi ya kusajili makandarasi, bodi ya kusajili wahandisi, bodi ya wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi, na wakala wa usalama mahali pa kazi. Mwaka 2013, baada ya jengo la zaidi ya ghorofa kumi kuanguka mtaa wa Indira Gandhi, palepale Dar es Salaam, na kuua watu 36, maneno haya yote kuhusu vibali na ukaguzi yalisemwa na kuandikwa. Naamini wengi wa maofisa wetu wanaijua kazi yao. Kinachokosekana ni mtu wa karibu mwenye haki ya kuuliza na nguvu ya kujibiwa. Mkaguzi wa jiji hawezi kuwa kila kichochoro. Jirani yupo tayari, usiku na mchana, na ndiye wa kwanza kusikia nyundo chini ya sakafu.

Ndiyo maana naomba wabunge wetu na madiwani wa miji mikubwa waichukue ile kanuni ya ukuta na kuifanya yetu. Anayetaka kuchimba chini ya msingi wa jengo lililopo ampe jirani wa kila upande barua na michoro, ampe pia kila mpangaji aliye ndani ya jengo lenyewe, na alipie mhandisi wa kuwasomea. Kuta zao zipigwe picha kabla. Fedha ya kufukia shimo iwekwe benki. Na wakati msingi unapochimbwa vipande vipande, ghorofa za juu zisiwe na watu wanaofanya biashara. Najua mwenye jengo atasema anapoteza kodi ya miezi. Ndiyo, ataipoteza, na gharama hiyo aiingize kwenye hesabu zake kabla ya kuamua kama besimenti inalipa.

Halmashauri nazo ziweke mipaka inayopimika, kama walivyofanya Kensington baada ya kuchelewa miaka mingi. Ghorofa ngapi chini, umbali gani kutoka mpakani, udongo wa aina gani hauruhusiwi kuchimbwa bila ukuta wa kuzuia uliojengwa kwanza. Afisa kijana aliyekaa mbele ya tajiri anahitaji namba ya kumwonyesha.

Nawe msomaji uliyepanga fremu, au unayeishi kwenye jengo ambalo chini yake wameanza kubeba udongo kwenye viroba usiku, usisubiri tume. Tafuta bango la mradi, usome jina la mkandarasi na la mhandisi. Kama halipo, nenda ofisi ya serikali ya mtaa, kisha halmashauri, uombe kuonyeshwa kibali cha kuchimba. Cha ukarabati wa ndani hakitoshi. Nenda na majirani wenzako, na piga picha nyufa zenye tarehe. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri ukianza kukwama, au ufa mpya ukipita kwenye nguzo, toa watu nje kwanza, bidhaa baadaye, na piga simu. Namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.